Chuo kisisubiri hakimu

Na Mutheu Kilonzo

Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamuru wasichana wawili wa shule ya msingi Nakuru walipwe fidia ya Sh5 milioni kwa dhuluma ya kingono waliyotendewa na mwalimu wao. Mahakama ya jinai ilikuwa imemwachilia mwalimu huyo. Hata hivyo jaji aliamua alipe pamoja na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na serikali.

Wazazi wenzangu wa Kasikeu, uamuzi huo unatuhusu. Mabinti zetu wako chuo kikuu cha SEKU kule Kwa Vonza, wengine Machakos, kwa karo iliyotokana na mbuzi waliouzwa Emali. Binti akilalamika kwamba mhadhiri anamtaka ndipo ampe alama, mara nyingi chuo humjibu: tuyamalize humu ndani. Au: nenda polisi, sisi tutangoja mahakama. Yote mawili ni kukwepa.

Polisi wana kazi yao. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo. Afike hospitali mapema, kwani dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai tena baada ya saa 72. Kituoni apewe nambari ya kitabu cha matukio (OB) na fomu ya P3. Hakimu naye hamfungi mtu mpaka hatia ithibitishwe pasi na shaka, na ni haki iwe hivyo.

Chuo, kama jaji yule wa fidia, hakifungi mtu. Kinachoulizwa pale ni kama mhadhiri huyu anafaa kuendelea kusahihisha mitihani ya wasichana. Hilo hupimwa kwa uzito wa ushahidi, mlalamikiwa naye akijitetea, na linaweza kuamuliwa ndani ya muhula. Kesi mahakamani huahirishwa hadi mlalamishi ahitimu, au aache masomo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwalimu wa sekondari akipatikana na kosa, TSC humfuta kwenye rejista na jina lake huchapishwa. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua kisa akiripoti ndani ya saa 24. Wahadhiri hawasajiliwi na TSC. Mmoja akijiuzulu kimya kimya leo, kesho anaomba kazi chuo kingine bila doa kwenye faili.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ifungue rejista kama ile ya TSC. Uchunguzi uendelee hata barua ya mhadhiri ya kujiuzulu ikishafika mezani, na matokeo yake yapelekwe kwa chuo chochote kinachotaka kumwajiri.