Jezi Kuukuu za Kipa Ndani ya Sanduku

Mwezi huu tunaweka kando chanjo na lishe, tuzungumzie jambo ambalo akina mama wa Mnazi Mmoja na Kariakoo wametuuliza zaidi ya mara moja. Ni zile jezi kuukuu za mpira, hasa za makipa, ambazo waume na wana wetu wanazikusanya na kuzijaza sandukuni. Je, ni matambara ya kutupwa au ni mali?

Tusianze kwa kucheka. Huko Kanada na Marekani wapo watu wanaotafuta jezi za zamani zilizovaliwa mchezoni na makipa wa magongo ya barafuni, nao hutoa fedha nyingi kwa moja tu. Sababu ni uhaba. Zamani jezi za msimu huu zilivaliwa tena mazoezini, zikatiwa viraka, kisha zikapewa timu za vijana mpaka zikachanika. Na kipa katika timu ni mmoja au wawili tu. Hapa kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo: mechi ikiisha jezi inarudishwa, inafuliwa, anavaa mwingine. Iliyosalia nyumbani kwa mtu imesalia kwa bahati.

Na sisi tunaishi katikati ya historia hiyo. Yanga ya mwaka 1935 ina jengo lake Jangwani, Simba iliyoanza mwaka 1936 iko mtaa wa Msimbazi, na kote huko unakwenda kwa miguu kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Wazee wa kijiwe cha kahawa watakutajia Juma Pondamali aliyekwenda Lagos na Taifa Stars mwaka 1980, na Mohamed Mwameja, kipa wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 ikafungwa na Stella ya Abidjan 2-0 hapa hapa Dar es Salaam.

Magongo nayo tulikuwa nayo. Vijana wengi hawajui kwamba mwaka 1980 timu yetu ya wanaume ilicheza Olimpiki ya Moscow. Nchi nyingi zilisusa kwa sababu majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan, nafasi zikabaki wazi, Tanzania ikaenda. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha, na hao tunawasifu mpaka leo. Timu ya magongo ilifungwa na India mabao 18 kwa 0, na India ndio waliochukua dhahabu. Hebu mfikirie mama mwenzetu ambaye mumewe au mwanawe alisimama langoni siku ile. Jezi hiyo angeiweka wapi? Kwa maoni yetu inastahili mahali pazuri kuliko jezi ya ushindi, maana mtu alisimama nayo mpaka filimbi ya mwisho.

Mjane mmoja tunayemtembelea ana jezi ya marehemu mumewe, aliyedakia timu ndogo ya mtaani. Amekuja kijana kutaka kuinunua. Watoto wamegawanyika: wakubwa wanataka iuzwe, kitinda mimba hataki hata kusikia. Mama mwenyewe alitaka kuiloweka kwanza kwa sabuni ya unga na Jik ili isimwaibishe mbele ya mnunuzi. Tukamsihi aache! Sisi wauguzi tumefundishwa kuliwahi doa la damu kwa maji baridi kabla halijakauka, lakini hapa doa ndilo ushahidi. Kipa huangukia ubavu na kiwiko, kwa hiyo jezi aliyoidakia kweli huchakaa hapo kabla ya kwingine. Iliyochakaa sawasawa mwili mzima, au yenye rangi ya chai kila mahali, itilie shaka. Jezi mpya ikilowekwa kwenye chai ya rangi huzeeka kwa usiku mmoja, na kuna wana wetu wanaotoa fedha ya karo kwa kitu cha namna hiyo.

Tukamwuliza habari ya kiraka cha kiwiko cha kushoto. Akacheka. Alikishona mwenyewe kwa uzi wa bluu, kwa kuwa mwaka ule wa uhaba uzi mweusi haukupatikana duka lolote. Basi, shahidi wa jezi ile ni nani kama si yeye? Mnunuzi anatafuta picha za zamani ili alinganishe viraka na mikunjo, kumbe aliyeshona kiraka yuko jikoni na hakuna aliyemwuliza. Akina mama, chukueni karatasi mwandike: ni ya nani, alidakia timu gani, mwaka gani, nani aliishona na kwa nini. Wekeni tarehe na sahihi. Iuzwe au isiuzwe, karatasi hiyo ikae pamoja nayo.

Sasa tuje kwenye sanduku lenyewe, maana hapa ndipo penye hatari. Wengi hutupia vile vidonge vyeupe vya nondo, yaani naftalini. Jezi nyingi za miaka ya karibuni ni za poliesta, na nondo hawali poliesta safi, wanapenda sufu. Kwa hiyo vidonge hivyo ni fedha ya bure. Adui wa jezi Dar es Salaam ni unyevu na ukungu. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni. Ikunje ndani ya khanga kuukuu iliyo safi, uianike kivulini mara kwa mara.

Tunasisitiza hasa nyumba zenye mtoto mchanga. Baadhi ya watoto wetu, wavulana zaidi, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo la kawaida katika nchi za malaria. Akilazwa kwenye shuka lililotoka sanduku lenye naftalini, akavuta ile harufu au ikampata kupitia ngozi, chembe zake nyekundu za damu zaweza kuvunjika. Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, au mtoto kupauka na kukataa titi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari habari ya vidonge. Aliyekwisha kutambaa huvidhania peremende akavimeza. Huyo naye usimtapishe, mkimbize hospitali, na kama pakiti ipo ichukue mkononi.