Shubiri Isidharauliwe, Wala Isiabudiwe

Mtoto wa Kagerankanda anapovimba ngozi na kuwashwa usiku kucha, mama yake huenda akachuma jani la mshubiri kabla ya kufikiria safari ya zahanati. Wapo watumishi wanaomcheka mama huyo. Hao wamesahau historia ya nchi yao.

Mwaka 1974 Tanzania ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Taifa limekwisha kukiri kwamba elimu ya wazee wetu ni sehemu ya kujitegemea kwetu.

Lakini kuheshimu si kufumba macho. Jani la mshubiri lina vitu viwili. Ute wake mwangavu hupoza ngozi iliyoungua au kuvimba. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha, na ukimezwa huharisha. Mjuzi hulisimamisha jani mpaka utomvu uchuruzike, ndipo akwangue ute. Asiyejua hupaka vyote, akazidisha maumivu.

Tena si kila uwasho ni mmoja. Upele huletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi, navyo huenea nyumba nzima. Ute utapoza, vijidudu vitabaki. Baka lisilo na hisia laweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaopona kwa dawa zitolewazo bure. Miezi inayopotea katika kupaka majani yaweza kumgharimu mgonjwa vidole vyake.

Basi wajibu wetu sisi wenye kalamu ni upi? Mwalimu aonaye mwanafunzi akijikuna asimfukuze darasani kwa aibu, bali amwite mzazi na kumwelekeza zahanati. Mganga wa zahanati amwulize mgonjwa bila kejeli amepaka nini; akikejeliwa leo, kesho ataficha. Mtendaji wa kata awahimize waganga wa jadi wajiandikishe kwa mujibu wa sheria, na majina ya miti na matumizi yake yaandikwe wangali hai wanaoyajua.

Elimu hiyo ni mali ya wananchi. Tusiipoteze kwa kiburi, wala tusiitumie kwa upofu.