Jina Lililoachwa Wazi

Mtu aliyedanganywa kwa barua pepe huchekwa kwanza, kisha huhubiriwa. Huambiwa kwamba tamaa ilimponza, na kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi siikubali hukumu hiyo, na namwomba msomaji aipime pamoja nami.

Tuseme kijana wa Eliye Springs, penye chemchemi na mikoma ukingoni mwa Ziwa Turkana, anangoja jibu la ombi lake la msaada wa karo. Afika Lodwar, afungua barua zake, na katikati ya rundo la matangazo asiyoyaomba aona barua ya ofisi ile ile aliyoiandikia. Anwani haina kosa la herufi hata moja. Barua yamtaka alipe ada ndogo leo, nafasi isimpite. Au tumtazame mkimbizi wa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako wako waliongoja miaka mingi kuhamishiwa nchi nyingine. Naye aletewa barua ya namna hiyo, ikidai fedha za safari. UNHCR limetangaza mara nyingi kwamba huduma zake ni bure. Lakini tangazo li ukutani, na barua i mkononi. Macho yatatambua nini, ikiwa jina la uongo na jina la kweli ni jina moja?

Udhaifu huu una asili yake. Kanuni ya kupeleka barua pepe, aliyoiandika Jon Postel mwaka 1982, haikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Ni kama bahasha: mtu yeyote aweza kuandika mgongoni mwake jina la gavana, na tarishi akaichukua. (Mwaka 1978 mchuuzi mmoja wa Marekani aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo wasilolitaka, akakemewa sana, lakini yeye angalau alitumia jina lake mwenyewe.)

Dawa imekwisha patikana. Mwenye jina huweka hadharani orodha ya mashine zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake; hiyo huitwa SPF. Hutia kila barua muhuri wa siri usioigika. Huo ni DKIM. Kisha huandika agizo, DMARC, kwamba barua isiyopita mtihani huo ikataliwe kabla haijamfikia msomaji. Ni mistari michache ya maandishi. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wa barua nyingi waweke ulinzi huo.

Hata hivyo, ziko ofisi zisizoweka lolote, na ziko zilizoandika agizo la kutazama tu. Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Ni boma lililoweka mlinzi akaamriwa awahesabu fisi wanaoingia kwa mbuzi, asiwafukuze.

Wenye ofisi hujitetea kwamba agizo kali laweza kupoteza hata barua za halali. Ni kweli, barua iliyopitia kwa mtu wa kati huweza kukwama. Basi na watazame kwa miezi michache, watengeneze palipoharibika, kisha wafunge mlango. Kutazama miaka mitano si uangalifu. Husema pia kwamba mwongo aweza kujinunulia jina lililofanana na lao. Naam, lakini hapo pana herufi iliyozidi au kupungua, na macho ya kijana yana kazi ya kufanya.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya uhalifu wa kompyuta iliweka kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi 300,000, kwa mwenye kuwalaghai watu namna hii. Ni vyema. Lakini mlaghai huenda yuko ng'ambo ya bahari, na ada ya mkimbizi imekwisha kwenda.

Kwa hiyo, ofisi itakapokuja shuleni Lodwar kuwafundisha wanafunzi kujihadhari, mmoja wao na asimame aiulize kwa adabu: ninyi wenyewe mmeandika agizo gani juu ya jina lenu?