Besiboli: Mlinzi Asimame Wapi?

Besiboli, iliyoanza kuchezwa katika baadhi ya shule za Tanzania miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani, ina suala linalomhusu mwalimu wa hisabati kuliko wa michezo. Mpigaji wa mkono wa kulia huelekea kuuviringisha mpira upande wake wa kushoto, kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hapo huwekwa mdakaji mwepesi kuliko wote, hata akiwa mpigaji dhaifu.

Huko Marekani timu zilihesabu mipira ya kila mpigaji, zikawarundika walinzi watatu kati ya wanne wa ndani upande mmoja. Mwaka 2023 ligi kuu ikaamuru wawili wabaki kila upande wa kituo cha pili. Wapo wasemao hesabu iliharibu mchezo. Kwa watazamaji wenye kulipa, huenda. Kwa shule, hesabu ndiyo faida yenyewe.

Mwalimu wa Moshi au Marangu atakayeufundisha mchezo huu awape wanafunzi daftari, waandike kila mpira ulikoelekea. Mitano haitoshi, hamsini huanza kusema kitu. Na kiwanja kikiwa kimeinama, jambo la kawaida mlimani, huenda mteremko ukaushinda mkono wa mpigaji, na mlinzi akalazimika kusogea upande wa bondeni.