Panda mwekundu na chanjo ya mbwa: Mweleze mwanao

Watoto waliotazama katuni ya Kung Fu Panda wanamjua tayari, ila huenda hawajui jina lake. Yule mwalimu mdogo mwenye masikio makubwa, Shifu, ni panda mwekundu. Mnyama huyu yupo kweli, na maswali ya watoto kumhusu ni mengi. Haya hapa majibu ambayo mzazi anaweza kumsomea mwanawe.

Je, ni mtoto wa yule panda mkubwa?
Hapana. Panda mkubwa ni dubu. Panda mwekundu ana ukoo wake peke yake, na kati ya wanyama wa kwetu, ndugu zake wa karibu zaidi ni nyegere, kicheche na fisi maji. Hata jina alilitangulia: wanasayansi walimwandika mwaka 1825, na panda mkubwa mwaka 1869. Uzito wake ni kilo 3 hadi 6 tu, kama paka aliyeshiba. Mkia wake una pete pete kama soksi za mchezaji mpira.

Anaishi wapi?
Katika misitu ya baridi ya milima ya Himalaya na jirani zake: Nepal, India, Bhutan, Myanmar na China. Usiku ukiwa wa baridi kali, hujizungushia mkia kama blanketi. Rangi yake haimwanikii adui, kwani miti ya huko huota kuvu na majani madogo ya rangi nyekundu inayofanana naye.

Anakula nini?
Majani na machipukizi ya mianzi. Tumbo lake lakini limeumbwa kama la mla nyama, hivyo hupata nguvu kidogo katika kila jani. Ndiyo maana hula muda mrefu, kisha hupumzika sana juu ya mti. Kwenye kiganja ana mfupa uliochomoza kama kidole gumba cha ziada, wa kushikia mianzi.

Kwa nini wamebaki wachache?
Wanasayansi wanakadiria kuwa wakubwa waliobaki porini hawafiki 10,000. Watu hukata misitu kwa ajili ya mashamba, kuni na barabara. Msitu ukikatwa vipande vipande, panda wa upande mmoja hawezi kumfikia mwenzake wa upande wa pili. Wengine hunaswa na mitego iliyotegewa wanyama wengine, na wapo wanaouawa kwa ajili ya ngozi.

Adui mwingine ni ugonjwa. Wafugaji wanapopeleka mifugo msituni huenda na mbwa. Mbwa huwakimbiza panda na kuwaua, lakini pia anaweza kuwaachia virusi vya distempa, ambavyo huwaua kwa urahisi sana. Dawa yake si kumkamata panda na kumchoma chanjo ya mbwa, kwa sababu chanjo yenye virusi hai vilivyopunguzwa nguvu imewahi kuwaugua panda wekundu wenyewe. Njia salama ni kumchanja mbwa, ili ugonjwa usifike msituni. Nepal, baadhi ya vijiji vilivyo karibu na misitu hiyo vimechanja mbwa wao, na wanakijiji wengine wameajiriwa kuwa walinzi wa msitu.

Hilo linatuhusu nini sisi?
Virusi hivyo hivyo viliingia Serengeti mwaka 1994 na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi hiyo. Mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na mlipuko huo. Distempa haimwambukizi binadamu, lakini mbwa yule yule asiyechanjwa anaweza kubeba kichaa cha mbwa, ambacho huua watu.

Mtoto afanye nini?
Kama nyumbani kuna mbwa, muulize mwanao: "Amechanjwa lini?" Kisha mtafute kadi yake pamoja. Kama haipo, nendeni kwa daktari wa mifugo. Mfundishe pia asimguse mbwa asiyemjua, na akiumwa aseme mara moja: jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Panda yuko mbali, lakini somo lake liko uani: ukimtunza mnyama wako, unawalinda wa porini na wa nyumbani kwako.