Milango ya kale isigeuzwe meza
Mafundi wa Lamu wanaogeuza mbao za majahazi makuukuu kuwa meza na fremu za vioo wanastahili pongezi. Mbao hizo zingeozea ufuoni bure. Hata hivyo, biashara hiyo inapogusa milango ya nakshi, mambo hubadilika. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inalinda mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946, na kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Lakini ukishakatwa vipande na kupigwa msasa ukawa meza ya sebuleni, afisa wa forodha atautambuaje? Ukaguzi hauna budi kuanzia karakanani, kabla msumeno haujashikwa.