Makuti ya Hotelini ni Levo, ya Kwa Shabiki ni Ushamba?

Wadau, jina silitaji. Mwenyewe anajijua, na nyie mkisoma mistari mitatu tu mtamjua.

Kuna staa mmoja wa bongo muvi, mwenye wafuasi wengi kuliko filamu alizocheza. Binti mmoja shabiki wake kapamba sebule yake kwa ajili ya Krismasi, tena kwa vitu vya uani kwao. Tawi la mvinje kalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Makuti mabichi kayasuka nyota na vikapu vidogo. Vifuu vya nazi kavisugua msasa mpaka vinang'aa, kaweka mishumaa ndani. Bogenvilia nyekundu na nyeupe zimezunguka dirisha. Kapiga picha, kamtagi staa wake kwa mapenzi yote.

Staa akajibu: "Hapo ni Krismasi au kilabu cha mnazi?" Chawa wakadakia, wakacheka siku nzima. Jioni binti wa watu kafuta picha.

Sasa mimi nauliza, kilichochekesha ni nini hasa?

Makuti? Huyu huyu staa Julai alikuwa Zanzibar, kwenye hoteli iliyoezekwa makuti kuanzia mapokezi mpaka baa. Taa za vifuu, mikeka ya ukindu, maua ya asumini kitandani. Alituwekea picha kumi na nne akasema hayo ndiyo maisha. Kumbe makuti yakilipiwa kwa dola ni levo, yakikatwa kwenye mnazi wa mama yako ni ushamba. Mnazi ni ule ule jamani! Na siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, nani alikuwa anatuhubiria mazingira huku kashika kikapu cha ukindu? Leo sebuleni kwake kuna mti wa plastiki unaogusa dari, na pamba chini eti theluji. Theluji Dar es Salaam, Desemba hii ambayo feni inapuliza moto!

Halafu tuambiane ukweli kuhusu huko anakodhani anaiga. Mti wa Krismasi ulishamiri kwa Wajerumani. Wao majira ya baridi miti mingi inapukutika, inabaki ile michache ya kijani kama misonobari, basi wakaingiza ndani iliyokuwa kijani. Mwaka 1848 gazeti moja la London likachapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, Mjerumani, wamezunguka mti na watoto wao, Waingereza nao wakaufuata. Lile taji la mishumaa la majilio mnaloliona makanisani lina historia yake Hamburg, mwaka 1839. Mchungaji Johann Wichern, aliyekuwa analea watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipachika mishumaa ili watoto wahesabu siku. Gurudumu la mkokoteni, wadau! Angekuwepo huyu staa wetu angemuuliza kama hapo ni kanisani au gereji.

Hao watu walichukua kilichokuwepo kwao wakakipendezesha. Binti na mvinje wake kafanya kitu kile kile. Hata sisi mti wetu tunao miaka mingi. Mkrismasi asili yake ni Madagaska, lakini jina tumempa sisi wenyewe, kwa sababu Desemba ikifika tu unawaka mwekundu barabara nzima. Nani alitangaza? Hakuna. Watu waliona kwa macho yao.

Kinachoniuma zaidi ni hii biashara iliyojificha nyuma ya kicheko. Mastaa wengi mapambo hawanunui, wanaletewa na maduka ili wayaoneshe. Akiandika "kwa shosti wangu bei poa, wahini," hilo ni tangazo, na ukicheka makuti unasaidia mti wa plastiki uuzike. Sawa, ni kazi yake, ale. Ila anayemsikiliza ni mama wa Mbagala anayeona aibu wageni wakute nyumba haina mti unaowaka taa, anakopa kwenye kikoba. Baada ya sikukuu inakuja Januari ile tunayoijua, shule zinafunguliwa, sare, viatu na madaftari vinamsubiri. Tangazo limeshalipwa, deni limebaki Mbagala.

Najua kuna atakayesema "hela zake, mwache." Hela zake kweli. Na mwenye mti wa plastiki anaoutoa kabatini kila mwaka, mwaka wa nane huu, sina ugomvi naye, huyo kauheshimu mfuko wake. Ugomvi wangu ni kumdhalilisha mtu aliyetumia mikono yake.

Kwa mliovunjika moyo, shikeni haya. Makuti sukeni yakiwa bado mabichi, yakikauka yanavunjika. Maua ya mkrismasi msiyategemee, yakikatwa yananyauka upesi, lakini yale maganda yake marefu meusi yanadumu, pakeni rangi mning'inize, yanalia kama kayamba. Bogenvilia hata ikikauka inabaki na rangi. Mvinje punguzeni wa uzio wenu, ya ufukweni iacheni ishike mchanga, na ndoo ilowesheni maji kila siku. Mshumaa na makuti makavu visikaribiane kabisa. Na kama mkono wako si mwepesi, kamlipe mama anayesuka mtaani kwenu, hela ibaki kwa jirani.

Nikirudi kwako staa. Nasikia Krismasi hii unapanda Moshi na wenzako kwenda kuhesabiwa. Vizuri sana. Ukifika pale nyumbani angalia kwenye uzio wa migomba, utaona majani marefu ya kijani yanaitwa isale. Wazee wako watakwambia kazi yake: mtu aliyemkosea mwenzake anampelekea jani la isale kuomba msamaha, na aliyepelekewa inakuwa vigumu kukataa. Haliuzwi dukani na halina tangazo. Chuma moja, piga nalo picha, mtagi yule binti. Hilo ndilo pambo la uani tunalolisubiri kutoka kwako mwaka huu.

Haya wadau, na nyie tuoneshe sebule zenu. Kilabu cha mnazi kimefunguliwa!